Treni ya HS2: pesa zimeenda wapi, na je ninunue flati karibu na stesheni?

"Habari mtaalamu. Naishi Birmingham mwaka wa 14 huu, natunza wazee, kodi inakatwa kila mwezi kabla hata sijaiona hela. Hii treni ya HS2 nimeanza kuisikia sijaolewa, sasa mtoto wangu yuko sekondari. Mara bilioni 30, mara 50, mara 100, mara imefutwa, mara ipo. Shemeji yangu yuko Dodoma, anapanda SGR mpaka Dar masaa matatu na kitu, ananicheka kwamba Wazungu wameshindwa na Tanzania. Naomba unieleze bila siasa: hizo pesa zimeibiwa? Na kwa nini wasiifute yote hela zirudi hospitali? Halafu la pili, kuna agenti anataka kuniuzia flati Digbeth, anasema stesheni ya Curzon Street ikifunguliwa bei itaruka, niharakishe. Ninunue?"

Dada yangu, umeuliza mambo mengi lakini mi naona ni swali moja tu: je hizi namba na tarehe wanazotutajia kuhusu HS2, hii reli mpya ya kasi ya kutoka London mpaka Birmingham, ni za kuaminika? Kazi yangu ni ukadiriaji wa gharama za ujenzi, wale mnaotuita QS, zaidi ya miaka 20 nalala na kuamka na makaratasi ya namba za aina hiyo, na jibu langu ni hapana, si za kuaminika, ila sababu siyo hiyo unayoiwazia wewe.

Tuanze na wizi manake najua ndo unaokuuma. HS2 imepekuliwa sana: wakaguzi wa hesabu za serikali wamepita mara kadhaa, kamati ya Bunge ya hesabu imepita, Douglas Oakervee alipewa kazi ya kuupitia mradi mzima ripoti ikatoka 2020, halafu James Stewart naye ripoti yake 2025. Wote wamekuta madudu, tena ya kutisha, lakini hakuna aliyesema kuna mabilioni yamebebwa kwenye mabegi. Juni 2025 waziri wa uchukuzi Heidi Alexander aliwaambia wabunge kuna tuhuma za udanganyifu kwa baadhi ya waliopewa kazi ndogondogo kwenye mradi na zinachunguzwa, na kama ni kweli basi washughulikiwe. Ila hata ukiwakamata wezi wote wa nondo na dizeli wa Uingereza nzima, hilo pengo haliwezi kuziba. Ni kubwa mno kwa wizi.

Sasa hizo namba zinazokuchanganya. Mwaka 2012 serikali ilisema mtandao mzima wenye umbo la Y, yaani London mpaka Birmingham halafu matawi mawili, moja Manchester na lingine Leeds, utakula pauni bilioni 32.7 kwa bei za 2011. Mwaka uliofuata ikawa 42.6, na treni zenyewe 7.5 juu yake. 2015 ikafika 55.7 treni zikiwa ndani, kwa bei za 2015. Umeona hapo? Kila namba ina mwaka wake wa bei, kama mtu anayekutajia bei ya kanga ya 2011 na mwingine anakutajia ya leo halafu wewe unatoa moja kwa nyingine unasema nimepigwa. Wanasiasa wanalijua hilo, akitaka kuusifia mradi anachukua bei za zamani, akitaka kuuponda anachukua za leo, na wote hawadanganyi.

Lakini ukishasahihisha hilo la bei usifurahi, manake kuna la pili linafanya hali iwe mbaya zaidi ya unavyoiona. Novemba 2021 kipande cha kwenda Leeds kikakatwa. Oktoba 2023 Rishi Sunak akaenda Manchester kwenye mkutano wa chama chake, kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya reli (sijui nani aliwachagulia ukumbi), akatangaza tawi la Manchester limefutwa. Kilichobaki ni London na Birmingham, kama kilomita 225 na kipande kidogo cha kuungana na reli ya zamani kule mbele. Na Januari 2024 aliyekuwa mwenyekiti wa HS2, Jon Thompson, akawaambia wabunge hicho kilichobaki peke yake kinaweza kufika bilioni 49 mpaka karibu 57 kwa bei za 2019, ambayo kwa bei za siku ile ni kama 66 au 67. Yaani mwanzo uliambiwa bei ya sinia zima la pilau, sasa unalipa zaidi yake na umepewa kibakuli. Hapo ndo hasira yako ina haki yake.

Imekuwaje? Nikupe kisa changu. Nilipojenga kwangu Kivule, mi mwenyewe QS, nilipiga hesabu ya msingi kabla sijachimba hata shimo moja, nikaangalia jirani katumia tofali ngapi nikaongeza kidogo, nikamwambia mke wangu kiasi fulani, na yeye akawaambia ndugu zake. Siku ya tatu ya kuchimba fundi kanipigia saa mbili asubuhi, "bosi njoo uone." Nakuta shimo la mita moja na nusu lina maji rangi ya chai ya maziwa, na udongo ukiushika unanata kwenye vidole kama ugali wa muhogo. Ule msingi wa tofali ukawa msingi wa nguzo, zege na nondo za milimita 16, gharama ikapanda mara mbili na kitu. Hakuna aliyeniibia. Kosa lilikuwa kutangaza bei kabla sijajua kilichoko chini, na nikishaitangaza nyumbani kila senti iliyoongezeka ikaonekana ni uzembe wangu, na kwa kweli ulikuwa uzembe wangu, ila siyo wa siku ya maji, ni wa siku ile nilipoitaja namba.

HS2 ni Kivule hiyohiyo ikiwa na kilomita 225. Mikataba mikubwa ya tuta, madaraja na mahandaki iligawiwa 2017, na Aprili 2020 wakandarasi wakaambiwa haya anzeni. Wakati huo michoro mingi haijaiva, udongo sehemu nyingi haujapimwa vya kutosha, na vibali vingine havijatoka. Serikali ilikuwa inajua bei inapanda, ila ilikuwa imeshachelewa na inataka watu waone magreda yanatembea. Ukianza kumwaga zege huku michoro inachorwa, kila mchoro ukibadilika unalipa mara mbili, unalipia ulichojenga na unalipia kukibomoa au kukizunguka.

Na mikataba yenyewe haikuwa ile ya bei moja ukimaliza chukua chako. Ni ya kulipana gharama halisi, kunakuwa na lengo, mkizidi mnagawana maumivu, lakini maumivu mengi yalibaki kwa mwenye mradi, yaani wewe. Watu husikia hivi wanasema ni ujinga mtupu. Subiri kwanza. Mwanzoni walijaribu kumbebesha mkandarasi hatari nyingi, bei zikarudi zinatisha, manake mkandarasi akiambiwa abebe asichokijua naye anajiwekea mto wa kulalia. Kwa hiyo wakapunguza bei kwa kuzirudisha zile hatari serikalini, na hatari zikaja kweli. Corona ilikuwa imeshaingia wakati wanaanza, halafu vita vya Ukraine vikapandisha chuma, saruji na mafuta. Ningekuwa mimi ningechelewesha mkataba miaka miwili nikamaliza michoro. Ni rahisi kusema leo, najua, ila ndo jambo ambalo karibu kila ripoti imelirudia.

Vibali navyo ni habari nyingine. Bunge lilishapitisha sheria ya London-Birmingham Februari 2017, ungedhani imetosha, lakini Jon Thompson alisema mwaka 2024 walihitaji vibali 8,276 kutoka kwa taasisi nyingine, halmashauri, watu wa maji, watu wa mazingira. Hapo ndo lilipotoka lile banda la popo ulilolisikia. Buckinghamshire, pembeni ya msitu wa Sheephouse, wanajenga kama handaki juu ya ardhi, karibu kilomita moja, ili popo wa Bechstein wasigongwe na treni, na Thompson alisema limepita pauni milioni 100. Watu wamelicheka banda hilo mpaka basi. Mi nakwambia piga hesabu: milioni 100 kwenye bilioni 60 ni kama peni 17 kwenye kila pauni 100. Ukiwaondoa popo wote treni haijashuka bei. Banda linakuonyesha tu namna mambo yanavyokwenda, kwamba kila mwenye muhuri anaweza kuomba chake na hakuna anayeombwa akilipie.

Kingine ni wanavijiji wenye nguvu. Njia inapita milima ya Chiltern, mahali pazuri, watu wenye pesa na wabunge wanaosikika, matokeo yake kuna handaki la kilomita 16 pale. Mitambo miwili, Florence na Cecilia, kila mmoja tani 2,000 na urefu wa mita 170, ilianza kutafuna chokaa 2021 ikatokea upande wa pili mwanzoni mwa 2024. Karibu robo ya njia nzima ya London-Birmingham iko ndani ya mahandaki. Kabla ya hapo treni inavuka maziwa ya bonde la Colne kwa daraja la kilomita 3.4, refu kuliko daraja lolote la reli Uingereza. Hili nimelifuatilia kwa mapenzi ya kazi tu: lina vipande 1,000 vya zege, kimoja kinafika tani 140, na vyote vimetofautiana kidogo kwa sababu daraja linapinda, kwa hiyo wakajenga kiwanda palepale, kipande kipya kinamwagwa kikiegemea mwenzake ili viumane kama meno, halafu mtambo wa mita 160 unatembea juu ya nguzo unavining'iniza kulia na kushoto kama mizani ya sokoni. Kazi safi sana. Siyo kila pesa imepotea dada, zipo zilizonunua kitu cha miaka mia.

Wengi wanasema tatizo ni mbio, kwamba nani aliwatuma waende kilomita 360 kwa saa. Kuna ukweli hapo ndani. Treni ikienda kasi hivyo haipindi hovyo, kona lazima iwe pana kweli, kwa hiyo huwezi kukikwepa kijiji wala kilima, unapita katikati au chini. Ila kasi haikuwa sababu kuu ya kujenga. Sababu ilikuwa nafasi. Reli ya zamani ya kutoka London kwenda kaskazini magharibi imejaa, na tatizo lake unalijua kama ulipita Kimara kabla ya barabara kupanuliwa: njia moja, lori limebeba kontena, daladala linasimama kila kituo, na basi la Mwanza nyuma linapiga honi. Basi likitaka kwenda lazima mbele yake pawe patupu muda mrefu, na huo utupu ungeweza kubeba daladala tatu. Ukiyatoa mabasi ya mbali ukayapa njia yake, barabara ya zamani inapumua. HS2 ilikuwa hivyo, ila jina likaitwa reli ya kasi na siku ya kwanza watu wakauziwa dakika, wakasema dakika 30 ndo bilioni zote hizo? Waliouza mradi walijikwaa wenyewe hapo.

Sasa njoo kwenye pesa zinavyotolewa, hapa wengi hawapajui. Hakuna akaunti yenye bilioni 60 mahali fulani. HS2 inalipwa na Hazina kupitia wizara ya uchukuzi, fungu la mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya uwekezaji wa serikali inatokana na kukopa. Bajeti ya Uingereza imegawanywa kama ya kwetu tu, matumizi ya kawaida kule na maendeleo huku. Mishahara ya manesi iko kwenye matumizi ya kawaida, reli iko kwenye maendeleo. Kwa hiyo kusema futa reli leo kesho hospitali inaajiri, haiendi hivyo, ingawa nakubali kwamba riba ya deni mwisho wa siku inalipwa kutoka mfuko uleule na mtu wa wodini ataiona.

Ubaya wa fungu la mwaka ni huu. Machi 2023 bei zimepanda, fungu halijapanda, waziri wa wakati ule Mark Harper akasema tusogeze mbele miaka miwili kipande cha kutoka Birmingham kwenda Crewe, kaskazini zaidi, na Euston, stesheni ya mwisho katikati ya London, tuisimamishe kwanza. Kwenye karatasi za mwaka ule umeokoa. Lakini saiti ikilala hailali bure. Walinzi wanalipwa, uzio umekodiwa, maji yanapampiwa yasijae shimoni, ofisi za makontena zina umeme, wahandisi ukiwaachia wanaenda mradi mwingine na ukiwarudisha wanakuja na bei mpya. Tuseme kwa mfano tu, saiti ina gharama za kudumu milioni 2 kwa mwezi, ukiisogeza miezi 24 umelipa milioni 48 na hujaongeza hata kokoto moja. Ni kama mtu anayejenga kwa kuungaunga, kila akirudi anakuta nondo zimeliwa na kutu.

Euston ndo darasa lenyewe. Mpango wa kwanza majukwaa 11, ukawa 10, halafu mwaka 2023 ukawa 6. Bajeti ilikuwa bilioni 2.6, wakaguzi wakakuta Machi 2023 makadirio yamefika 4.8. Michoro ikachorwa ikatupwa, ikachorwa mingine ikatupwa, waziri alisema 2025 kwamba zaidi ya milioni 250 zimeishia kwenye michoro iliyoshindikana. Wakati huohuo mitambo miwili ya kuchimba handaki la kwenda huko kutoka Old Oak Common, magharibi ya London, ikawa inasubiri mtu aamue kama treni inaishia hapo vichakani au inaingia mjini. Bajeti ya Oktoba 2024 ndo ikasema haya chimbeni.

Basi kwa nini wasifute yote? Swali halali, tena watu makini kabisa wamelisema. Mizani yake ni hii: pesa iliyokwishatumika haihesabiwi tena, imekwenda, ama ukimaliza ama usimalize. Unauliza tu, kilichobaki kulipa kinanunua nini. Ukifuta leo unalipa kuvunja mikataba, kufukia mashimo, kurudisha mashamba, na unabaki na daraja la kilomita 3.4 lisilo na treni. Mfano tunao: lilipofutwa tawi la Manchester ikatangazwa bilioni 36 zinahamia barabara na reli nyingine, watu wakadhani zipo kwenye kabati. Zilikuwa pesa za miaka mingi mbele ambazo zingekopwa. Zilizokuwa zimekwishatumika kwenye awamu hiyo, zaidi ya bilioni 2, hazikurudi. Na Julai 2024 wakaguzi wakaonya kwamba treni za HS2 zikifika mwisho wa reli mpya zikaingia ya zamani, viti vya kwenda Manchester vinaweza kupungua kwa asilimia 17 ukilinganisha na sasa, manake treni moja mpya ina viti pungufu kuliko zile ndefu zilizopo na huwezi kuziongeza mabehewa vile unavyotaka. Umelipa zaidi umepata viti pungufu! Kwa maoni yangu kufuta 2012 kungekuwa na hoja, kufuta Februari 2020, kabla wakandarasi hawajaambiwa waanze, kungekuwa na hoja, sasa hivi wamalize London-Birmingham na Euston yake. Mwenzangu mwingine wa fani hii anaweza kukwambia tofauti na asiwe mjinga.

Shemeji sasa. Mwambie nampongeza, SGR nzuri, nimeipanda, ukitoka Dar asubuhi unakunywa chai ya mchana Dodoma. Ila analinganisha vitu viwili tofauti. SGR ya Tanzania ni kilomita 160 kwa saa, HS2 ni 360. Mkataba wa Dar-Morogoro ulikuwa kama dola bilioni 1.2 kwa njia kuu ya kilomita 205, na njia hiyo ukishatoka Pugu unapita Ruvu na Ngerengere, mapori na mashamba, hukutani na nyumba za milionea kila hatua. Mshahara wa fundi chuma wa London na wa Kilosa haufanani. Na yeye pia asicheke sana, kazi ilianza 2017 iishe mwisho wa 2019, abiria wa kwanza wamepanda Juni 2024. Nayo ina mikopo ndani yake, kipande cha Dar mpaka Makutupora kilichukuliwa mkopo wa dola bilioni 1.46 mwaka 2020. Jirani zetu Kenya wamechukua njia nyingine, wameweka tozo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia, kwa hiyo anayenunua friji Kisumu analipia treni ya Mombasa hata kama hajawahi kuiona.

Akitaka kuwacheka Waingereza vizuri awalinganishe na Wafaransa. Tours mpaka Bordeaux, kilomita 302, ilifunguliwa Julai 2017, euro bilioni 7.8. Kwa nini? Wafaransa wamekuwa wakijenga hizi reli tangu miaka ya 70 moja baada ya nyingine, timu haivunjwi. Ardhi pale ni tambarare. Na kubwa zaidi, treni yao ikifika mjini inaingia reli ya zamani na stesheni ya zamani, haichimbi mji mzima ili ifike. Pesa sehemu ziliwekwa na kampuni binafsi kwa makubaliano ya kuiendesha miaka 50, kwa hiyo mwenye pesa alikuwa na sababu ya kumaliza kwa wakati. Uingereza yenyewe ilijenga reli ya kwenda handaki la Ufaransa, ikamaliza 2007, halafu ikakaa miaka bila kujenga nyingine, wazee waliojua wakastaafu.

Na kuzidi bajeti siyo ugonjwa wa Waingereza peke yao. Mtafiti wa Denmark, Bent Flyvbjerg, alikusanya miradi ya dunia nzima akakuta ya reli inazidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45. Hata ile ya Japan ya 1964 inayosifiwa kila siku, Tokyo mpaka Osaka, bajeti iliongezeka karibu maradufu, rais wa shirika la reli Shinji Sogo na mhandisi wake mkuu Hideo Shima waliondoka 1963, mwaka mmoja kabla ya treni kuanza. Leo wanatajwa kama mashujaa. Nakwambia hili ili ujue, siyo ili umsamehe mtu.

Haya, flati. Hapa naomba unisikilize polepole. Agenti amekwambia stesheni inakuja, kweli inakuja, Curzon Street inajengwa, majukwaa 7. Alichoruka ni lini. Mwanzoni ilisemwa 2026. Ikawa kati ya 2029 na 2033. Juni 2025 waziri akasema hata 2033 haioni njia ya kufikiwa, na mkurugenzi mpya Mark Wild akapewa kazi ya kupanga upya ratiba na gharama. Mtu akikuuzia nyumba kwa tarehe ya treni hiyo, mrudishie swali moja: tukitoa treni, flati hii inapangishwa shilingi ngapi leo? Namaanisha pauni, nimezoea. Halafu linganisha na mkopo wa benki utakaolipa kila mwezi. Habari ya HS2 pale Digbeth si siri tangu zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo bei unayotajiwa ina treni ndani yake tayari, unaambiwa ununue kabla haijapanda wakati imeshapanda.

Flati za Uingereza zina mambo yake mengine ambayo ni makubwa kuliko treni: umebaki na miaka mingapi kwenye hati, ada ya huduma ya jengo imepanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita, na tangu moto wa ghorofa la Grenfell, London, 2017 karatasi za usalama wa kuta za nje zipo au hazipo. Hayo mimi siwezi kukuangalia kwa maandishi, na usimwachie yule wakili ambaye agenti anakusukumia. Tafuta wakili wako wa nyumba, mwambie wazi kwenye upekuzi wake aangalie kama jengo au kiwanja kimo kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya HS2, na kazi gani zimebaki mtaa huo. Tafuta na mpimaji wa majengo aliyesajiliwa RICS, chama chao cha kitaaluma, aende mwenyewe akasimame mle ndani, ikiwezekana siku ya kazi saa nne asubuhi mashine zikiwa zinafanya kazi, siyo Jumapili agenti anayopenda kukupeleka. Nawe nenda peke yako usiku ukasikilize.

Na kama kuna ndugu zetu wanaosoma hapa tayari wana nyumba kwenye njia na wamepata barua ya kutwaliwa ardhi, msisaini kitu mezani kwa sababu mtu aliyekuja ni mpole. Kwenye kutwaliwa kwa lazima, gharama za msingi za mpimaji wenu kwa kawaida ni sehemu ya fidia, kwa hiyo kusema sina hela ya mtaalamu siyo sababu. Wasiotwaliwa lakini watakaopata kelele treni ikianza, sheria ya fidia ya ardhi ya 1973 inawaruhusu kudai thamani iliyoshuka, ila dai linafunguliwa mwaka mmoja na siku moja baada ya njia kuanza kutumika, na lazima uwe ulikuwa mwenye nyumba kabla haijaanza. Kuna vijana wanapita milango kwa milango wakisema watakudai sasa hivi, uwape asilimia. Treni haijaanza, hakuna dai la aina hiyo la kufungua, mwambie arudi ikishapita.